Mwandishi anunue kifaa gani cha kusomea? Mpangilio wangu, kuanzia wa kwanza

Mswada nikiusoma kwenye kompyuta ileile niliyouandikia, makosa siyaoni. Macho yameshaijua njia, yanapita tu kama dereva wa daladala aliyezoea mashimo yake. Nikiuhamishia kwenye kifaa cha kusomea, chenye herufi nyingine na mistari mifupi, ndipo nakuta "hata hivyo" nne kwenye ukurasa mmoja, na Salma wa sura ya pili amegeuka Salama kufikia sura ya tano.

Kwa hiyo orodha hii haitafanana na ya msomaji wa kawaida. Yeye anataka kujua riwaya zitaonekanaje. Mimi nina maswali mawili: kazi yangu inaingiaje humo, na nilichokipigia mstari kinatokaje?

Karibu vifaa vyote ninavyovitaja vinatumia wino wa kielektroniki. Kioo chake hakimuliki macho kama cha simu, na ukiacha taa, kinakula umeme pale tu ukurasa unapobadilika. Ndiyo maana kwenye Kobo au Kindle ya Amazon, chapa mbili za vifaa hivi, chaji moja hufika wiki kadhaa. Aliyezoea mgawo wa umeme hahitaji kuelezwa zaidi. Bei nilizoandika ni za Marekani siku vifaa vilipotoka. Usafiri na ushuru ni juu yako.

1. Kobo Clara BW (dola 130), au Libra Colour (dola 220) mfuko ukiruhusu

Zote mbili zilitoka mwaka 2024. Clara ina kioo cha inchi 6, inaingia mfuko wa koti. Nimeiweka juu kwa sababu moja kubwa: inafungua EPUB, yaani faili la kitabu cha kielektroniki, kama ilivyo. Unachomeka waya, kompyuta inaiona kama flashi, unaburuta mswada, umemaliza. Huhitaji baruapepe wala bando.

Kutoa maelezo nako hakusumbui ukiweka KOReader, programu ya bure inayokukusanyia ulichopigia mstari na ulichoandika pembeni kwenye faili la maandishi matupu. Asubuhi nalifungua faili hilo upande wa kushoto, mswada upande wa kulia, narekebisha moja baada ya jingine. Tena Kobo walishirikiana na kampuni ya iFixit kutoa vipuri na maelekezo ya ukarabati kwa vifaa hivi, kwa hiyo hata fundi wa mtaani ana pa kuanzia.

Libra ina inchi 7, vitufe vya kufungulia kurasa, na inakubali kalamu, ingawa kalamu inauzwa peke yake. Rangi yake imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia, maana kwenye rangi kioo kinashuka hadi nukta 150 kwa inchi, wakati nyeusi na nyeupe ni 300. Kwangu inatosha: njano ni kosa la lugha, buluu ni jambo la kwenda kuhakiki.

Hapa niseme jambo ambalo miongozo ya wenzetu hailigusi. Programu nyingi za kutengeneza EPUB zitaandika kwamba lugha ya kitabu ni Kiingereza usipobadilisha. Matokeo yake kifaa kinakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza, unasoma "mwan-amke" na "ng-oja" mpaka kichwa kinauma. Fungua faili kwenye Calibre, programu ya kompyuta ya kutunza vitabu, nayo ni ya bure, weka lugha iwe Kiswahili. Ikishindikana, zima ukataji wa maneno na unyooshaji wa ukingo wa kulia. Nilihangaika miezi miwili kabla ya kujua hili, nikidhani kioo ndicho kibovu.

Kasoro ya Kobo ni kwamba madukani kwetu ni adimu. Wengi tunamsubiri ndugu anayerudi kutoka nje.

2. Kindle Paperwhite (dola 160)

Hii ndiyo utakayoiona kwanza ukiulizia Kariakoo au Luthuli Avenue. Toleo la 2024 lina inchi 7, kioo safi, na halidhuriki kirahisi kwa maji. Nguvu yake ni baruapepe: unatuma faili la Word kwa anwani ya kifaa chako, baada ya dakika chache limekuwa kitabu. Mhariri akiniletea sura saa tano usiku, naisoma kitandani bila kuwasha kompyuta. Tangu mwaka 2022 njia hiyo inapokea EPUB pia. Ila ukiipitisha EPUB kwa waya, Kindle haitaifungua. Waandishi wengi wapya hukwamia hapo wakadhani wameuziwa kitu kibovu.

Mistari uliyopiga inakaa kwenye faili liitwalo My Clippings, unalichukua kwa waya. Kwa mswada wako hakuna shida. Kwa kitabu ulichonunua, mchapishaji anaweza kuwa ameweka kikomo cha unachoruhusiwa kunakili.

Kilichoishusha hadi nafasi ya pili ni suala la nani mwenye mali. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu vya George Orwell kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, baada ya kugundulika kwamba muuzaji hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, lakini maelezo ambayo mtu ameandika pembeni yanarudishwaje? Februari 2025 wakaondoa pia njia ya kupakua vitabu ulivyonunua kwenye kompyuta ili kuvihamisha kwa waya. Mimi ninayefanya utafiti kwa kuandika pembeni ya vitabu vya watu, hilo linaninyima usingizi kidogo.

3. Simu uliyonayo (bure)

Usicheke. Hadithi zetu nyingi zinasomwa kwenye simu, nyingine zikipita WhatsApp kipande kwa kipande, kwa hiyo kuusoma mswada wako hapo ni kuuona kama msomaji wako atakavyouona. Aya uliyoiona fupi kwenye kompyuta inajaza kioo kizima. Tena Android inaweza kukusomea kwa sauti ya Kiswahili. Ni sauti kavu, haina huruma, na sentensi yenye "ambayo" tatu inasikika mara moja kwamba imelemewa.

Zima data kwanza, lakini.

4. Boox za inchi 10.3 na Kindle Scribe

Hivi ni vifaa vikubwa, vya wanaoishi na PDF: wanafunzi wa uzamili, wahariri, wasomaji wa magazeti ya zamani yaliyopigwa skani. PDF ya A4 kwenye inchi 6 ni mateso. Hata inchi 10.3 ina upana wa milimita 157 hivi, dhidi ya 210 za karatasi, lakini hapo jicho linamudu. Boox inatumia Android, kwa hiyo unaunganisha kibodi na kuandikia humohumo, ila chaji haidumu kama ya wenzake. Scribe ilianza kwa dola 340 mwaka 2022, ina kalamu yake, na PDF uliyoituma unaiandika juu kama karatasi.

5. reMarkable 2

Hiki ni kifaa cha wino wa kielektroniki cha kuandikia kwa kalamu, kazi ya kampuni ya Norwe, na kalamu yake ni tamu kuliko zote nilizoshika. Lakini haina taa. Umeme ukikatika saa mbili usiku, umeshika ubao.

Ukinunua iliyotumika

Mwambie muuzaji aitoe kwenye akaunti yake mbele yako. Kindle iliyobaki na akaunti ya mtu ni kesi ya kesho. Kisha fungua ukurasa mweupe uliojaa taa na utafute mistari isiyoondoka: nyuma ya vioo vingi vya aina hii kuna kigae chembamba cha kioo, na kikikandamizwa ndani ya begi kinapasuka huku uso wa juu ukibaki mzima. Yangu ya kwanza ilikufa hivyo, imelaliwa na kamusi. Nenda na waya na mswada wako kwenye kompyuta ndogo, uuingize palepale dukani, upige mstari neno moja, ulitoe. Muuzaji akikataa, toka.