Duka la pembejeo lililocheka yai langu tepetepe

Nilidhani hasira zitapoa ndipo niandike. Hazijapoa. Duka lenyewe ni la pembejeo za mifugo hapa Morogoro, silitaji jina, ila wafugaji wengi wa mtaani kwetu tunanunua hapo.

Mitetea wangu chotara wameanza kutaga majuzi tu. Mayai ya kwanza yalikuwa madogo lakini magumu. Baadaye nikaanza kuokota mengine hayana ganda, utando mtupu, yai ukilishika linabonyea kama puto lenye maji. Mengine nayakuta yameshadonolewa, na kuku akishaonja yai, kumwachisha ni kazi kubwa. Nikaweka moja kwenye kibakuli nikalipeleka dukani, palepale ninaponunua chakula.

Muuzaji hakuliangalia. Narudia, hakuliangalia! Alikuwa anampimia mtu pumba, akaniambia bila kugeuka: "Mama, hao wana maambukizi. Chukua dawa ya kuongeza mayai." Nikamuuliza, kaka, isije ikawa wamepungukiwa chokaa? Akawageukia wateja: "Mama huyu kasomea mifugo." Watu wakacheka. Mimi mtu mzima, nina wajukuu, nimesimama na kibakuli changu mkononi, nachekwa kwa kuuliza swali la maana.

Dawa nikalipia. Nyumbani nasoma pakiti, ndani mna oksitetrasaiklini. Antibayotiki! Kwa kuku wanaokula, wanaoparua, vilemba vyekundu kabisa. Ukiwapa dawa ile, mayai huruhusiwi kula wala kuuza mpaka zipite siku zilizoandikwa na mtengenezaji. Hakunitamkia hilo hata kidogo, na mayai haya wanakula watoto.

Kisha nikamwaga chakula chao kwenye ungo. Nilikuwa nimeomba cha kutagia, nikalipa bei ya cha kutagia, nikapimiwa kutoka gunia lililo wazi. Sikuona chembe ya chokaa wala ya magamba ya konokono. Kuku anayetaga anataka chakula chenye kalsiamu, yale madini ya kwenye chokaa na magamba, asilimia 3.5 hadi 4, cha kukuzia kina kama asilimia 1 tu. Ganda la yai moja linabeba gramu 2 hivi za kalsiamu, na kuku hulijenga kwa saa kama 20, sehemu kubwa usiku. Akikosa kwenye chakula, anaivuta kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Sasa antibayotiki inaingiaje hapo?

Haki yao niwape. Mitetea wanaoanza hutoa mayai tepetepe machache hata wakilishwa vizuri, miili yao haijazoea kazi. Joto nalo lina mkono wake, kuku akihema sana ganda huwa jepesi. Huenda na chokaa yao wameisaga laini mno nisiione. Na chanjo za mdondo wanazitunza kwenye friji, wanakufungia na barafu, kundi langu halijawahi kufagiliwa na mdondo. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu.

Tena kijana wao wa kubeba mifuko alinifuata nje, akanisemesha kwa adabu: "Shikamoo mama. Nunua magamba ya konokono yaliyosagwa chengachenga, uwawekee kuku jioni kwenye chombo cha peke yake, wajilie wenyewe." Nikafanya hivyo. Zile chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linajengwa. Vifaranga nikawatenga, maana kalsiamu nyingi huwaharibu figo. Mayai yamekaza, nayagonga ukingoni mwa sufuria yanalia.

Kijana huyo ndiye alistahili kukaa kaunta. Nyota tatu ningempa yeye, lakini duka si lake, na kile kicheko nikikikumbuka naandika moja. Hiyo moja ni ya friji.

Pakiti ya dawa sijaifungua. Nitairudisha na risiti yake, nataka hela yangu yote, na safari hii anijibu akiwa ananitazama.