Jicho moja la mbali, jicho moja la karibu: nimevaa wiki sita, nawapa ukweli

Haya jamani, karibuni tena, leo ni zile kontakti (lenzi ndogo unazovaa juu ya jicho lenyewe) za monovisheni mnazoniulizia kila siku. Kwa wale wageni, ukishavuka miaka 40 ile lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa, kuona karibu kunakuwa shida, ndo unasoma meseji umenyoosha mkono mpaka mkono unaisha lol. Sasa hapa lile jicho ambalo ubongo unalitegemea zaidi linavaa lenzi ya mbali, jingine la karibu, ubongo unajichagulia wenyewe.

Kujua la kwako ni lipi, nyoosha mikono, acha katundu kadogo kati ya viganja, tazama kitu kilicho mbali halafu fumba jicho moja moja. Lile ambalo likibaki wazi peke yake bado unakiona kitu kwenye katundu, ndo lenyewe. Langu la kulia.

Siku ya kwanza aisee nilitaka kuzitupa. Namimina maji, glasi naiona kabisa ile pale, maji yote mezani! Macho hayashirikiani kama zamani so kukadiria umbali kunapungua, ngazi nilikuwa nashuka nimeshika ukuta kama mtoto. Na nikawa nafumba jicho hili, nafumba lile, nalinganisha weee, usifanye hivyo, unajichelewesha tu kuzoea. Kama siku ya kumi hivi nimeshika chupa ya dawa nasoma yale maandishi ya sisimizi, nafika katikati ndo nashtuka, hee, miwani sijavaa!

Ila usiku kwenye gari sizipendi, taa za wanaokuja zinatawanyika. Daktari kaniandikia miwani ya kuvaa juu ya lenzi, inalisaidia hili la kushoto lione mbali, hapo sawa. Kompyuta nayo inategemea, tofauti ya nguvu kati ya lenzi zangu mbili ni dayopta 1.50 (ndo kipimo cha nguvu ya lenzi), naiona fresh, ikipanda mpaka 2.50 ule umbali wa kati unakuwa na ukungu na kuzoea ni kazi kweli.

Kama unaendesha usiku kila siku mi nakwambia ongea na daktari wa macho kwanza. Wengine ombeni za majaribio, mkae nazo wiki mbili hivi kabla ya kulipia boksi zima.

Na tafadhali msichanganye kulia na kushoto, mimi juzi nimezivaa kinyume, nusu siku nzima nalaumu usingizi.