TAHADHARI: Muuza "flashi ya kurudisha adimini" habandui mguu kwenye mashine yako

Wadau, kama una ndugu ambaye kompyuta yake imepoteza haki za adimini (mwenye mamlaka ya kusakinisha na kubadilisha vitu kwenye mashine), mtumie hii kabla hajatoa hela. Kuna jamaa anauza flashi nyeusi yenye stika ya dhahabu, shilingi 85,000, anaiita "kifaa cha leseni ya mafundi". Jina na namba zake ziko polisi, hapa siziandiki. Ni mwizi, na nalisema hilo bila kupepesa macho.

Mashine ni ile HP EliteBook 840 G5 ya hesabu za kikundi, mnaijua. Tatizo nalo mnalijua: akaunti iliyokuwa adimini ilishushwa ikawa ya kawaida, na adimini mwingine hapakuwa. Ukitaka kusakinisha chochote, dirisha la ruhusa linakuja, kitufe cha "Yes" kimefifia, na pa kuandika nywila hapapo.

Sasa sikilizeni alivyofanya, maana hapa ndipo watu wanapopigwa. Hakuanza na hela. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bosi, BitLocker imewashwa?" Ni swali la mtu anayeijua kazi. Diski ikiwa na BitLocker imefungwa kwa ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo ufunguo hakuna flashi itakayofika kwenye akaunti. Haikuwashwa. Akatuma picha ya risiti ya EFD. Flashi ikaletwa na bodaboda saa kumi jioni, naye akawa anaelekeza kwa simu, taratibu, bila pupa. Zima huku umeshika Shift. Washa huku unagonga Esc, kisha F9, chagua flashi. Ikawaka kweli, ikafunguka Windows ndogo inayotembea humo humo kwenye flashi. Fungua NTPWEdit, programu ya kubadilisha akaunti za Windows. Hakikisha njia iliyoandikwa inaishia Windows\System32\config\SAM, bonyeza "(Re)open", chagua Administrator, bonyeza "Unlock", halafu "Save changes". Chomoa, washa upya. Kwenye ukurasa wa kuingilia, Administrator huyo hapo, bila nywila. Mtu aliyekufikisha hapo kwa hatua sahihi, moja baada ya nyingine, unaanzaje kumshuku?

Kazi ilikuwa imeisha pale pale. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye Command Prompt, dirisha la kuandika amri, iliyofunguliwa kiadimini:

net localgroup Administrators jina_lako /add

Badala yake akasema, "Usiguse kitu bosi, weka AnyDesk nimalizie, ukikosea hapo mafaili yanapotea." Uongo mtupu. Mstari ule haugusi faili hata moja. Tarakimu za AnyDesk, programu ya kuendesha mashine ya mtu ukiwa mbali, zikasomwa kwenye simu, kitufe cha kukubali kikabonyezwa, na kioo kikawa cheusi tii. "Usijali, ni usalama wa leseni." Dakika 11! Hakuna leseni yoyote inayozima kioo. AnyDesk ina sehemu ya faragha: aliye upande wa pili anaendelea kufanya kazi, mwenye mashine haoni kitu. Kioo kiliporudi programu zikawa zinasakinishwa vizuri, na 85,000 ikatumwa kwa M-Pesa na asante juu. Hela inauma, lakini zile dakika 11 za kukaa kimya mbele ya kioo cheusi, na neno asante, ndiyo aibu isiyolala.

Siku ya nne akaunti ikarudi kuwa ya kawaida. Simu ikaita: "Leseni imeisha, ni 150,000 kwa mwaka."

Alichofanya kimeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Ukishaingia tena kama adimini, fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa Security. Namba 4720 ni akaunti mpya imetengenezwa. Namba 4732, imeingizwa kwenye kundi la Administrators. Zote mbili zimo ndani ya zile dakika 11. Siku ya nne ipo 4733: akaunti ya mwenye mashine imetolewa kwenye kundi. Akaunti yake ameipa jina svc_update ili ionekane kama kitu cha Windows, na haitokei kwenye ukurasa wa kuingilia kwa sababu ameliandika jina hilo kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya Winlogon\SpecialAccounts\UserList, na kulipa thamani ya 0. AnyDesk nayo ameiwekea nywila ya kuingia bila mtu kubonyeza kukubali. Faili la connection_trace.txt, kwenye C:\ProgramData\AnyDesk, linaonyesha ameingia mara mbili saa nane usiku. Kwenye mashine yenye namba za NIDA za wanakikundi wote!

Na hiyo flashi ya 85,000? Ndani yake ni Hiren's BootCD PE, ambayo inapakuliwa bure kwenye tovuti yake, na NTPWEdit imo humo humo. Unahitaji flashi ya GB 8 na Rufus ya kuichomea, nayo ni bure. Hatua ni zile zile nilizoeleza hapo juu. Ile Shift wakati wa kuzima msiidharau: bila hiyo Windows huwa haizimiki kabisa, inajihifadhi nusu usingizi, ukiiwasha inarudi na kumbukumbu ya zamani na ulichobadilisha kinaweza kupotea. Ukiwa umesahau nywila ya akaunti ya Microsoft, usihangaike na flashi, ibadilishe kwa simu kwenye account.live.com/password/reset. Na kama ni nywila ya akaunti ya ndani ya mashine, kuwa mwangalifu: ukiibadilisha kwa nguvu, mafaili yaliyofungwa kwa EFS, kufuli la mafaili la Windows, hayafunguki tena, na nywila ulizohifadhi kwenye Chrome zinakwenda. Kufungua Administrator peke yake hakuna madhara hayo. Ukimaliza, ifunge:

net user Administrator /active:no

Usipoifunga umeacha mlango usio na kitasa, kwa kuwa haina nywila.

Dalili zilikuwepo. Kioo kujizima. Kuambiwa usiguse. Kutaka AnyDesk wakati mashine imeshafunguka. Risiti nayo ilikuwa ya duka jingine kabisa, ukiikuza picha unaona. Lakini mimi silaumu mnunuzi, namtaka huyu mtu afungwe. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ruhusa aliyopewa ilikuwa ya jioni moja, haikuwa ya saa nane usiku. Afungwe, na vifaa vyake vichukuliwe, kwa sababu hakuuza flashi moja. Hata stika amechapisha! Waliotumiwa meseji za "leseni imeisha" wazipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za utapeli, leo hii, na waliotuma hela wapige 100 ya Vodacom wakiwa na namba ya muamala.

Kama ulinunua kwake, chomoa intaneti sasa hivi, waya na Wi-Fi. Andika net localgroup Administrators na usome majina. Ukikuta usilolijua, usilifute kwanza: piga picha kioo, piga picha zile 4720 na 4732 zikiwa na saa zake, nakili connection_trace.txt kwenye flashi nyingine. Baada ya hapo ndipo net user svc_update /delete, ondoa AnyDesk, pitia Task Scheduler kama kuna kitu amekipanga kijiwashe. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa simu, usizibadilishie kwenye mashine hiyo mpaka uisakinishe Windows upya.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunarudi kituoni. Wengine wenye stika ya dhahabu njooni na flashi zenu, pamoja na meseji za M-Pesa, msizifute.