Uzoefu wangu na mshauri wa feng shui: kitanda kikae wapi?

Feng shui ni utaratibu wa Kichina wa kuchagua na kupanga mahali pa kuishi, na mshauri niliyemtumia hufanya kazi kwa njia ya video. Unamtumia mchoro wa chumba wenye vipimo, picha za kuta zote na tarehe za kuzaliwa za wanaolala humo, halafu mnazungumza huku ukitembeza kamera ya simu. Nilimwuliza jambo moja tu: kitanda kikae wapi. Chumba chetu ni cha mita 3.5 kwa 3, mlango uko kwenye kona, dirisha liko ukuta wa mbele yake. Mchago ulikuwa chini ya dirisha na miguu ikielekea mlangoni.

Mkao huo ndio alioanza nao. Wachina wanauogopa kwa sababu unawakumbusha maiti anayetolewa nyumbani miguu ikitangulia. Mimi siamini kwamba mkao wa kitanda unaleta kifo, lakini maelezo yake mengine yaliniingia akilini. Feng shui ya zamani ilihusika sana na kuchagua mahali pa kujenga na pa kuzikia: mlima nyuma unaokukinga, vilima viwili ubavuni, na uwanda mbele. Nyuma wanapaita kobe mweusi, kushoto joka la kijani, kulia chui-milia mweupe, mbele ndege mwekundu. Kitandani, ukuta wa mchagoni ndio mlima, meza mbili ndogo za pembeni ndizo vilima, na nafasi ya miguuni ndiyo uwanda. Ndiyo maana hawapendi mchago dirishani: mlima umetoboka. Na kweli, pale dirishani tulikuwa tunapigwa na upepo na mwanga wa alfajiri, na kila gari lililopita tulilisikia.

Akapendekeza ukuta mrefu wa pembeni, ule ulio mbali na mlango, kitanda kisogee upande wa dirishani. Ukilala hapo unauona mlango bila kukaa kwenye mstari wake. Kabla ya kuhamisha chochote alituambia tubandike selotepu sakafuni kufuata vipimo vya kitanda, tufungue mlango na kabati mpaka mwisho, kisha tutandike godoro ndani ya alama hizo na kulala. Ushauri huu peke yake ulistahili malipo. Kitanda chetu kina upana wa mita 1.5, na selotepu ilionyesha wazi kwamba upande wa dirisha ingebaki nusu mita, inayotosha mtu kupita na meza nyembamba kukaa. Usiku huohuo mke wangu alisema anasikia sauti kwenye korido, anafumbua macho, anauona mlango, anaendelea kulala. Kule kwa zamani alikuwa anainua kichwa kila mara.

Sehemu ya dira ndiyo iliyoleta mjadala. Namba ya Kua, ambayo kwa feng shui huonyesha pande za dira zinazomfaa mtu, hutokana na mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Mimi ni wa 1985: 8 na 5 ni 13, 1 na 3 ni 4, ukitoa kwenye 10 unapata 6, kundi la magharibi. Mke wangu ni wa 1988: 8 na 8 ni 16, 1 na 6 ni 7, jumlisha 5 upate 12, yaani 3, kundi la mashariki. (Aliyezaliwa Januari au mwanzoni mwa Februari huhesabiwa mwaka uliotangulia, kwa kuwa mwaka wao huanza karibu na tarehe 4 Februari.) Kundi la mashariki linapendelea kaskazini, kusini, mashariki na kusini-mashariki. Pande zilizobaki ni za kundi la magharibi. Ukuta mpya uko magharibi, mzuri kwangu na mbaya kwake, na ukuta wenye dirisha ni mmoja wa kuta nzuri kwake. Mshauri alisema bila kusitasita kwamba umbo la chumba hutangulia hesabu, na mimi nakubaliana naye kabisa. Mtu akikurudisha chini ya dirisha kwa sababu ya namba tu, mkimbie.

Jambo jingine kuhusu dira: ukipima kwa simu karibu na kitanda cha chuma au godoro la springi, sindano inayumba. Simama katikati ya chumba, rudia mara kadhaa.

Kioo cha kabati bado kinaonyesha kitanda, jambo ambalo feng shui hailipendi, kwa hiyo tunakifunika kwa kitenge usiku. Uvunguni tulitoa masanduku yote, na sasa kufagia ni rahisi.

Sikupenda mwisho wa mazungumzo, alipoanza kunishawishi ninunue fuwele na vikengele vya kutundika dirishani. Nguvu ya chi, ile wanayosema hutiririka ndani ya nyumba, haijathibitishwa kisayansi, na kitanda kinasogezwa bila kununua kitu. Nilikataa, naye hakung'ang'ania.

Usingizi wetu umetulia kuliko zamani, hasa wa mke wangu. Ningemshauri mwenye chumba chenye kuta mbili au tatu za kuchagua amtafute mshauri wa aina hii, ila amwulize mapema kama anaanza na umbo la chumba au na dira. Mwenye ukuta mmoja tu unaoweza kupokea kitanda hana haja ya kulipa: aweke ubao mzito mchagoni, pazia nene kama kuna dirisha, na kama miguu inaelekea mlangoni, sanduku imara au benchi fupi miguuni litamkinga.