TAHADHARI: Nimeuziwa Harrier "fowili" kumbe inavuta tairi mbili tu

Jamani nina hasira mpaka mikono inatetemeka ila naandika hivyo hivyo kabla huyu dalali hajamliza mwingine. Nilitaka gari ya fowili, yaani inayovuta kwa tairi zote nne, kwa sababu mwaka jana nilikwama na kile ki-Vitz changu nikalala njiani wakati nakimbilia kwa mama, sirudii.

Yadi iko Tegeta. Harrier tako la nyani (ndo tunavyoliita lile toleo la pili), nyeusi, imeoshwa inang'aa. Swali langu la kwanza kabisa lilikuwa hii ni fowili? Dalali akanipeleka nyuma ya gari akaweka kidole kwenye yale maandishi 240G, akasema dada'angu unaiona hiyo 4 ya katikati, hiyo ndo fowili yenyewe, si unaona hata RAV4 wameandika 4? Na pembeni kuna kibandiko cha 4WD cha silva. Nikamuuliza mbona sioni gia ndogo, ile ya pembeni ya kuingizia fowili, akasema kwa upole kabisa, hizo ni za kina Prado, hii ni full time inajiweka yenyewe. Hapo ndo aliponimaliza, maana nilishasoma kwamba Harrier ya fowili kweli haina gia ndogo, nikajua huyu mtu anaelewa anachouza.

Msiniambie sikupeleka fundi. Wangu alikuwa msibani Singida, nikakubali wa pale. Kijana akaingia chini na tochi, akakaa huko kama dakika tano nzima, akatoka na grisi vidoleni anajifuta na tambara, ananiangalia usoni, "difu ya nyuma iko safi, haivuji." Difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa tairi za nyuma! Nikalipa mil 23, na mil 2 humo ni nyongeza ya fowili eti ni adimu.

Wiki iliyopita kupanda Mahenge mvua imenyesha, gari ikagoma kwenye tope. Tairi za mbele zinazunguka zinarusha udongo hadi kwenye kioo, za nyuma zimetulia tuli. Wakaja vijana wa boda kusukuma, mmoja akainama akachungulia chini akaniambia mama, hii haina propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu tairi za nyuma. Haina propela, haina difu ya nyuma, kule chini ni eksozi tu inapita. Nililia mbele ya watoto wa watu.

Huyu mtu na fundi wake wafungwe. Huku ni kujipatia pesa kwa udanganyifu, ni jinai, na asingeniuzia mimi tu, angemuuzia mtu mwenye mgonjwa ndani ya gari usiku njia ile ile. Nataka arudishe hela yangu yote na nataka akae ndani, yule fundi ndo kabisa, maana yeye alikuwa chini ya gari na aliona kwa macho yake.

Mnaotaka kununua, 240 ni injini ya lita 2.4 basi, haina uhusiano na tairi. Angalieni namba ya chesisi, iko kwenye kadi na kwenye kibati kule kwenye injini. Ya kwangu inaanza ACU30, hiyo ni ya tairi mbili, fowili ya injini hiyo hiyo ni ACU35. Kadi nilikuwa nimeishika mkononi siku ile! Kluger hivyo hivyo, ACU20 ni mbili, ACU25 ni nne. Hata RAV4 za 2000 hadi 2005 na hiyo 4 yao zipo za tairi mbili, zile za 1.8 ambazo chesisi inaanza ZCA. Vibandiko vinauzwa popote. Na inameni wenyewe mtafute propela katikati.

Simu zangu hapokei tangu juzi. Jumatatu naenda kituoni na kadi, risiti na picha za chini ya gari, kama kuna mwingine aliyenunua pale aje inbox twende pamoja.