Fundi viatu wa Kariakoo mwenye ndala za kuazima, nampa nyota nne na nusu

Leo naandika riviu ya fundi viatu, chekeni tu. Hana fremu, hana bango, ana benchi moja na mwavuli uliopauka pale Kariakoo upande wa Mtaa wa Msimbazi, siyo mbali kwa mguu ukishuka mwendokasi Gerezani. Mi nashuka kituo hicho tangu mwendokasi ianze 2016 na sijawahi kumwona mpaka siku nilipomhitaji.

Ilikuwa masika, mvua imepiga usiku kucha, na saa nne asubuhi nina kikao Posta, kile kikao cha kuvaa ukapendeza. Nimevaa viatu vya 35,000 ambavyo hata mwezi havijamaliza (duka silitaji, wenyewe wanajijua). Nikapitia Kariakoo kuchukua mzigo wa shangazi, mara kiatu cha kulia kikafunua mdomo, soli yote inaning'inia kama ulimi wa mbwa, natembea naburuza mguu. Wa kwanza kuniona alikuwa kijana wa mkokoteni, mi nikadhani anataka nimpishe kumbe anapiga kelele "dada soli hiyo! mzee yuko hapo kwenye mwavuli!" halafu akausimamisha mkokoteni na marobota yake mpaka nikavuka, nyuma bajaji zinampigia honi na yeye wala. Jina Kariakoo si limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wa vita ya kwanza waliokuwa na kambi hapo, na mi miaka yote wabeba mizigo wa pale nawaona kama kitu cha kukwepa tu.

Haya tuje kwa fundi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, vua." Basi, hakuna porojo. Chini ya benchi ana ndala pea kama sita hivi, hakuna hata moja inayofanana, ya bluu imeoana na ya kijani, ya kushoto kubwa ya kulia ndogo, na zote zimeoshwa. Hiyo ndo iliniua. Mvua ile, matope yale, mtu ana ndala za kuazima wateja na kaziosha!

Kazi yenyewe sasa. Alikwangua gundi ya zamani kwa kisu, akapaka mpya akaiacha ikauke kauke kwanza, akaniambia hivi vyenu vya dukani vinabandikwa tu havishonwi, halafu akashona kuzunguka soli nzima kwa uzi mnene ambao kila mara anaupitisha kwenye kipande cha nta. Kisigino akabandika tairi. Dakika kama 40. Katikati hapo kijana wa kahawa akaja na kikombe na kashata, nikasema sijaagiza mimi, fundi hata uso hakuinua, "kunywa, umetetemeka vya kutosha".

Bei 3,000. Natoa simu nilipe, mtandao unazunguka tu, keshi sina hata jero. Nikaanza kujieleza weee, akanikata, "nenda kwenye kikao chako, hela utaleta". Hakuuliza jina, hakuchukua namba. Na huu ndo mji ambao chumba kimoja tu unaambiwa kodi ya miezi sita mbele.

Nikarudi Ijumaa mchana, benchi limefunikwa turubai, mzee kaenda msikitini. Kijana wa kahawa akaniwahi, "we si yule wa soli?" akapokea elfu tano yangu akaitia kwenye kopo la fundi mbele ya macho yangu, akachomoa buku mbili akanirudishia. Nikamwambia baki nayo, ya kahawa ile. Akasema kahawa mzee alishailipa siku ile ile. Yani kanikopesha soli na bado kaninunulia kahawa! Nikabaki nimesimama na buku mbili yangu mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Sasa nusu nyota imeenda wapi. Mwavuli unavuja, na unavuja upande wa mteja. Akikwambia nusu saa we weka saa nzima maana kila anayepita lazima amsalimie mpaka na hali ya watoto. Rangi ana nyeusi na kahawia tu, viatu vyangu ni damu ya mzee akavipaka kahawia bila kuuliza, nikanyamaza. Na raba za bei msimpelekee, ule uzi unaonekana kilomita. Ila kwa viatu vya ngozi na mabegi ya shule nendeni, asubuhi ndo kuzuri, na Ijumaa mchana msisumbuke.

Soli mpaka leo haijacheza. Mara ya tatu nilivyoenda nikampelekea ndala mpya, pea nzima, nyekundu zote mbili, akacheka akaziweka chini ya benchi. Juzi nimepita, moja imeshaolewa na ya kijani.