Helios 44-2: nzee, lakini kwa picha za watu naipa tano

Ukiipata safi, chukua. Ni lenzi ya kamera ya Kisovieti, milimita 58, f/2 (tundu pana la kupitisha mwanga), na hufungwa kwa skrubu ya aina ya M42. Kwenye kamera yangu ya Sony inakaa kwa adapta, kipete cha kuunganisha. Nilimpiga picha mama muuza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi: uso umekaa vizuri kabisa, na migomba nyuma yake imekuwa ukungu unaozunguka kama maji kwenye beseni. Napenda mno!

Fokasi ni ya mkono, kwa hiyo harusini utachelewa. Kabla ya kulipa mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe, hiyo ni kuvu, achana nayo. Wakati wa masika, lenzi yangu inalala kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Vumbi pulizia kwanza, ndipo ufute.